Ile alama kwenye pakiti inasema nini hasa? Majibu ya barua zenu

Wapenzi wasomaji, toleo lililopita niligusia alama za ubora kwa mistari miwili mitatu tu, na meseji zilizokuja sikuzitegemea. Mmetuma picha za kila kitu, chupa za lotion, maboksi ya toi, pakiti za unga, kuna mmoja kanitumia mpaka picha ya sehemu ya chini ya jagi la umeme. Siwezi kujibu zote kwa mara moja, nimechagua hizi sita manake ndo zinazogusa watu wengi. Kitu kimoja nawaomba mkishike tangu mwanzo kwa sababu nitakirudia sana: kila alama ina mwenyewe aliyeitoa, na kila alama inajibu swali moja tu. Mi nikiona alama najiuliza kaiweka nani, na huyo mtu aliangalia kitu gani. Nikikosa jibu la swali la kwanza, hiyo kwangu ni picha tu.

Dada habari. Nilinunua jagi la umeme la kuchemshia maji huku mtaani, limeandikwa CE chini, muuzaji akasema CE maana yake limepimwa Ulaya ni imara. Siku ya tatu waya ukapata moto mpaka plagi ikayeyuka, harufu nyumba nzima na mtoto alikuwa amelala chumba hichohicho. Mdogo wangu anasema CE ni China Export. Nani mkweli? — Msomaji wa Tandika, Dar es Salaam

Pole sana mdogo wangu, na nashukuru Mungu mtoto yuko salama. Muuzaji hakuwa mkweli na mdogo wako naye kakosea, ingawa wote wawili maneno hayo wameyasikia kwa watu.

CE ni kifupi cha maneno ya Kifaransa, Conformité Européenne, maana yake bidhaa inafuata masharti ya sheria za Ulaya kuhusu usalama. Sasa hapa ndo watu wengi hawajui: kwa vitu kama majagi, pasi na chaja, anayeiweka hiyo alama ni mwenye kiwanda mwenyewe. Anapima au anapimisha, anaandaa faili lake la vipimo, anasaini tamko, anachapa CE. Hakuna ofisi ya Ulaya iliyokaa na lile jagi lako ikalichemshia maji. Kule kwao mfumo unafanya kazi kwa sababu wakaguzi wana uwezo wa kumdai mtu lile faili na kumwadhibu akikosa, ila jagi likishatua Kariakoo nani atadai faili? Kwa hiyo kiwanda kisicho na uaminifu kinachapa tu herufi mbili, wino hauna gharama.

Hiyo ya China Export imezunguka mitandaoni miaka mingi. Kamisheni ya Ulaya iliulizwa na mbunge wao na mwaka 2008 ikajibu kwamba haijui kuwepo kwa alama yoyote ya namna hiyo. Kinachotokea ni watu kuchapa CE ovyo, herufi zimebanana. CE sahihi imechorwa kwa duara mbili zinazoingiliana kidogo, ukiimalizia C iwe duara kamili na E iwe duara kamili utaona zinagusana, na kile kistari cha katikati cha E ni kifupi kuliko vile vya juu na chini. China wana alama yao ya lazima inaitwa CCC, nayo ni ya vitu vinavyouzwa ndani ya China. Ila nikuonye, hata CE iliyochorwa vizuri kabisa haikuthibitishii kitu, maana anayeweza kuichora vibaya anaweza kuichora vizuri pia.

Kwa hiyo uangalie nini? Geuza jagi, soma ile lebo ya volti na wati. Kama imeandikwa 2000W, gawa kwa volti 230 unapata karibu ampea 8.7, huo ni mzigo mkubwa. Sasa fuata waya wenyewe, waya wa maana una maandishi ubavuni, utaona kitu kama 3G0.75 au 3x0.75, yaani nyaya 3 ndani na kila moja ina unene wa milimita za mraba 0.75, na kwa jagi la wati hizo usikubali chini ya hapo. Waya usio na maandishi yoyote mi siuchukui. Halafu angalia kama kuna alama ya mraba ndani ya mraba: hiyo inasema kifaa kimewekewa kinga mbili hakihitaji waya wa ethi. Kama huo mraba haupo na jagi ni la bati afu plagi ina miguu miwili tu, rudisha hapohapo, likivuja umeme utapita kwako. Na jagi au pasi chomeka ukutani moja kwa moja, usizirundike kwenye ekstensheni moja, jagi la 2000 na pasi ya 1200 zikiwaka pamoja ni karibu ampea 14 na fyuzi ya plagi zetu mwisho wake ni 13.

Kisheria kwetu, wanaohusika na ubora ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na si hao wa Ulaya. Tangu 2012 bidhaa nyingi zinazotoka nje zinatakiwa kukaguliwa kulekule zinakotoka kabla ya kupakiwa na kupewa cheti, kwa hiyo jagi lililoingia kihalali linaweza lisiwe na nembo ya TBS mwilini ila aliyeliingiza ana karatasi. Ndo maana nakazania risiti, risiti inakupeleka kwa muuzaji na muuzaji anakupeleka kwa aliyeingiza. Usilitupe hilo jagi! Lipige picha, ile lebo, plagi iliyoyeyuka, weka na risiti, peleka ofisi ya TBS. Na kama limeandikwa jina la kampuni kubwa ambayo unahisi siyo iliyolitengeneza, hilo ni suala la bidhaa bandia na wanaoshughulika nalo ni FCC, Tume ya Ushindani. Watu wanachanganya sana hizi mbili, hafifu na bandia. Kitu kinaweza kuwa cha kampuni halali na bado kikawa hafifu.

Dada shikamoo. Natengeneza siagi ya karanga nyumbani, nauza kwa majirani na maduka mawili. Supamaketi moja imesema italeta oda nikiwa na nembo ya TBS na barkodi. Kijana anayenichapishia lebo kanambia kwa elfu ishirini ananiwekea vyote, na ISO juu. Nikubali nianze, halafu leseni nitafuata baadaye? — Mjasiriamali, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usikubali. Nasema hivi kwa upendo kabisa kwa sababu najua oda ya supamaketi ina maana gani kwa mtu anayeanza, lakini kuweka ile nembo bila leseni ni kosa la jinai, na siku wakaguzi wakipita pale supamaketi watachukua mzigo wako wote na jina lako litakuwa limeharibika kabla halijajulikana.

Ile nembo ni ruhusa ya bidhaa moja, ya mtengenezaji mmoja, sehemu moja. Haiwi ya mtu. Kesho ukianza kufunga asali, asali nayo inaombewa yake. Namna ya kuipata haitishi kama watu wanavyosema. Anzia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, hapohapo mkoani, kwa wajasiriamali wadogo wao ndo wanaotoa barua ya utambulisho, na serikali inabeba sehemu ya gharama za kuanzia, waulize leo utaratibu wa sasa ukoje. Ukishaomba, wakaguzi wanakuja kuona unapotengenezea: sakafu, maji, unapohifadhi karanga, nywele umefunga na nini. Wakati mwingine wanasema hapa rekebisha, unarekebisha wanarudi. Wanachukua sampuli inaenda maabara. Ikifaulu ndo leseni inatoka, na baada ya hapo wanaweza kuja ghafla au kununua chupa yako dukani kimyakimya waipime tena. Hiki cha mwisho ndo kinachoipa nembo thamani yake.

Na kwa karanga kuna kitu ningependa ukielewe hata kama usingetaka nembo kabisa. Sumukuvu. Ni sumu inayotoka kwenye ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri, haionekani, haina harufu, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye hiyo sumu, na kwa anayekula kidogokidogo kwa miaka inaharibu ini mpaka kansa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo nzima, na ile aina mbaya zaidi, B1, isizidi 5. Kwa hiyo chagua karanga zako punje kwa punje, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zote nje, na usizisage kwa ajili ya watu na usimpe kuku pia. Nunua kwa mkulima anayeanika juu ya turubai au kichanja. Hii kazi ya kuchagua ndo itakayokufaulisha maabara kuliko mashine ya bei mbaya.

Barkodi sasa. Barkodi siyo alama ya ubora hata kidogo, ni namba ya kuisaidia mashine ya kaunta ijue hiki ni kitu gani. Za Tanzania zinaanza na 620, za Kenya 616, lakini hizo tarakimu zinaonyesha kampuni imejisajili wapi, hazisemi kitu kimetengenezwa wapi. Zinatolewa na GS1 Tanzania. Huyo kijana akikunakilia ya mtu mwingine, siku ya kwanza tu kaunta itasoma siagi yako kama sabuni.

Na ISO, hapo kakudanganya mchana kweupe. ISO wako Geneva, wanaandika viwango, hawampi mtu yeyote cheti. Cheti cha ISO 9001 au 22000 kinatolewa na makampuni mengine ya ukaguzi na kinahusu namna kiwanda kinavyoendeshwa, wala hakisemi chupa hii ya siagi ni nzuri. Kwenye lebo yako weka vile vinavyotakiwa: jina la chakula, viungo vyote, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho kutumika, namba ya bechi, jina lako na mahali ulipo, na andika kwa herufi zinazosomeka kwamba kuna karanga, kuna watoto karanga inawaua. Lebo safi ya namna hiyo bila nembo yoyote ina heshima kuliko ya uongo. Ukifika SIDO niandikie walisemaje.

Mie hununua unga wa pakiti, na zote zina alama ya KEBS. Lakini nakumbuka mwaka 2019 kuna unga uliondolewa madukani na ulikuwa na alama hiyohiyo. Sasa hiyo alama ina faida gani? Na ile namba ya kutuma meseji yafanya kazi vipi? — Msomaji wa Likoni, Mombasa

Kumbukumbu yako ni nzuri. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi baada ya kukuta sumukuvu imezidi kiwango, na zote zilikuwa bidhaa zinazojulikana. Watu walikasirika na walikuwa na haki.

Alama inasema kwamba kiwanda kilikaguliwa na sampuli iliyochukuliwa ilipita. Haisemi kwamba pakiti hii uliyoshika imepimwa. Na mahindi ni mabaya kwa jambo hili, maana kwenye lori la magunia mia gunia moja tu laweza kuwa limeoza pembeni, hayo mengine mazima, mpimaji akichomoa sampuli kwenye gunia lisilooza anaona salama. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwa msagaji, apime kila lori linaloingia, na kwa mwenye alama kurudi madukani mara kwa mara. Lile tukio la 2019 lilitokea kwa sababu walirudi madukani, mie naona hapo alama ilifanya kazi yake, ingawa ilichelewa.

Ujumbe ni hivi. Chini ya alama ya KEBS kuna namba ya kibali. Andika SM# halafu hiyo namba, bila nafasi, tuma 20023. Watakurudishia jina la kampuni, jina la bidhaa na kibali chaisha lini. Sasa usitosheke kwa kuona tu jibu limekuja, lisome! Watu wa bandia hukopi namba halali ya mtu mwingine, ukituma jibu linakuja vizuri kabisa ila linasema ni mafuta ya kupikia ya kampuni nyingine na wewe umeshika unga. Kama havilingani au kibali kimekwisha, usinunue, na uwaarifu KEBS. Vitu vilivyotoka nje vina stika yao tofauti, ile ya bidhaa za nje. Na ukiona alama yenye almasi, hiyo KEBS huitoa kwa hiari kwa mtengenezaji anayetaka kuonyesha kwamba amevuka kile kiwango cha lazima.

Kuhusu ile pakiti uliyonitumia picha yenye nembo ya TBS, hiyo si magendo kwa sababu tu haina alama ya Kenya. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya 2006 ya viwango, zinatakiwa kutambuliana alama: TBS ya Tanzania, Q ya Uganda, S ya Rwanda na hizo za kwenu. Tena kwenye unga tazama pia alama ya virutubishi, tangu 2012 Kenya imelazimisha unga wa pakiti wa mahindi na ngano uongezwe madini na vitamini. Hiyo ni alama nyingine yenye swali lingine, haisemi lolote kuhusu sumukuvu.

Dada naomba unisaidie, nina krimu inaandikwa "natural", tena imeandikwa imepimwa na madaktari wa ngozi na imepitishwa na TFDA. Uso umeng'aa wiki mbili tu lakini sasa nikitoka juani unawaka. Ni salama? — Binti, Mwanza

Binti yangu acha kuipaka leo hiihii, halafu nenda hospitali na kopo lake mkononi, wakuone ngozi na ikibidi wapime mkojo na figo. Usione aibu, wanaona wengi.

Rudi kwenye swali letu, kaiweka nani? "Natural" haina mwenyewe, mtu yeyote anaandika. "Imepimwa na madaktari wa ngozi" nayo haina mwenyewe, daktari gani, hospitali gani, kwa watu wangapi, hakuna. Na hiyo ya TFDA ndo imeniamsha zaidi: tangu 2019 hakuna kitu kinaitwa TFDA. Ile mamlaka ya chakula na dawa ilibadilishwa ikawa TMDA inayoshughulika na dawa na vifaa tiba, huku vyakula na vipodozi vikihamia TBS. Kopo jipya linalodai kupitishwa na ofisi ambayo haipo, mwenye kopo anabahatisha.

Krimu ya kung'arisha haraka hivo nyingi zina zebaki au hydroquinone, na zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Zebaki inaingia kwenye figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni, tena inabaki kwenye taulo na shuka ikawafikia na wengine ndani ya nyumba. Kwenye viungo itafute kwa majina haya: mercury, Hg, calomel, mercuric, mercurous. Wajanja hawaiandiki, lakini kuna kitu huwa kinawaumbua: maelezo yanayokwambia usiguse dhahabu, fedha au vito ukiwa umepaka. Krimu ya kawaida ina ugomvi gani na pete yako? Zebaki ndo inayogombana na dhahabu. Na kopo lisilo na orodha ya viungo wala anwani ya kiwanda halifai kupita mlangoni kwako.

Shangazi yangu yupo Maskati, hutuletea pasi, vikaango vya umeme na toi za watoto, zina alama ya G. Je, zinafaa huku Unguja? Na ile ya sura ya mtoto iliyokatwa mstari mwekundu? — Msomaji wa Mwembetanga

G ni alama ya nchi za Ghuba, inawekwa kwenye toi na vifaa vya umeme vidogo, ni ya lazima kule kwa aina hizo. Kwetu huku anayesimamia ni ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ila kwa zawadi ya shangazi cha kuangalia zaidi ni umeme wenyewe. Oman wana volti 240 na plagi ya miguu mitatu kama yetu, kwa hiyo pasi ya Maskati unachomeka tu. Saudia plagi ni ileile na volti zinakaribiana, lakini umeme wao ni hezi 60 na wetu 50, pasi haitajali, ila kitu chenye mota au saa kinaweza kwenda tofauti. Aliyeko Marekani ndo atawaunguzia vitu, kule ni volti 120. Tafuta maneno "INPUT 100-240V", ukiyaona hayo kifaa kinakula umeme wa popote.

Sura ya mtoto yenye 0-3 iliyokatwa inasema toi hii si ya mtoto chini ya miaka mitatu. Wazazi wengi wanadhani ni suala la akili, kwamba "mwanangu mjanja ataiweza". Hapana. Mara nyingi ni kwa sababu ina vipande vidogo vinavyoweza kumkaba koo. Hiyo alama naomba mniamini bila kuuliza chochote, mficheni hiyo toi mpaka akue.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Wanafunzi walileta pakiti tupu kutoka nyumbani tukakuta vialama vingi: U kwenye duara, e ndogo, chura, R, pembetatu yenye namba, kikopo kilichofunguliwa. Mmoja akauliza pia stika ya friji yenye nyota. Nimewaahidi majibu Jumatatu. — Mwalimu, Arusha

Mwalimu umenifurahisha sana, hili ndo somo ningependa nifundishwe mimi nikiwa na umri wao.

U ndani ya duara ni ya Orthodox Union ya New York, inasema chakula kinafuata sheria za dini ya Kiyahudi, kosher. Watoto Waislamu wasiichukulie kama halali moja kwa moja, halali ina watoaji wake, na hata neno halali likiwa peke yake tafuteni jina la taasisi iliyothibitisha. R kwenye duara ni kwamba jina hilo la biashara limesajiliwa, basi, haihusiani na ubora. Ile e ndogo ya Ulaya inahusu kipimo, kwamba pakiti zilijazwa kwa wastani wa uzito ulioandikwa. Kikopo kilichofunguliwa chenye 12M kiko kwenye vipodozi, ukishafungua una miezi 12 ya kukitumia.

Pembetatu ya mishale ndo inapotosha kuliko zote. Watu wanaona mishale inazunguka wanasema hiki kinarejelezwa. Namba ile inataja aina ya plastiki tu, mfumo ulianza Marekani 1988: 1 ni ya chupa za maji, 2 ni ya madumu magumu, 5 ni ya ndoo na vyombo vya chakula, 7 ni mchanganyiko wa zilizobaki. Kama Arusha kuna anayeinunua hiyo plastiki au hakuna, namba haijui. Waulize watoto wale wanaookota chupa mtaani wanachukua namba ngapi, watawafundisha vizuri kuliko mimi.

Chura ni Rainforest Alliance, yuko kwenye majani mengi ya chai ya Kenya, anahusu shamba: misitu, maji, namna vibarua wanavyotendewa. Hamwambii mnywaji chai ni tamu au haina dawa. Anayetaka kujua habari ya mbolea na dawa za viwandani atafute alama yetu wenyewe ya Kilimohai, ilizinduliwa 2007 pamoja na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, na mimi nasikitika kwamba watoto wanamjua chura na Kilimohai hawaijui.

Nyota za friji zinatumika Kenya, zinahusu umeme: nyota nyingi, friji inakula umeme kidogo. Ila mfundishe mtoto kusoma namba ya kWh kwa mwaka iliyo hapohapo. Friji ya 365 inakula yuniti moja kwa siku, hesabu nyepesi hata kwa darasa la sita. Na kama nyumbani kuna friji ya mtumba ya Uingereza yenye A+, mwambie Ulaya walipanga upya zile herufi kuanzia 2021, ni A mpaka G tu, plasi zimeondolewa, kwa hiyo A+ ya zamani inaweza kuwa kwenye F ya sasa. Usilinganishe herufi, linganisha hizo kWh.

Na kama Jumatatu mtabaki na muda, kila mtoto atafute kwenye pakiti yake anwani ya mtengenezaji, mhesabu ngapi hazina kabisa. Nitumie hiyo hesabu Mwalimu, na majina ya bidhaa zilizokosa, nitaanza nazo toleo lijalo.